Kuanika na Kuanua

Mama mkwe wangu akisema wingu
hutazama juu, upande inakotokea mvua ya Mtambwe,
na mkono wake tayari umeshika pindo la jamvi.
Mimi nikisema wingu
sitazami popote.
Natazama kioo chenye ufa pembeni
na kijistari cheupe kinachopepesa, kikiningoja.

Msimu huu karafuu zimezaa kwa fujo.
Vituo ishirini na vitatu, kila mzani unatema stakabadhi:
jina, shamba, kilo, unyevu, saa.
Mchana zinamiminika. Usiku lazima zichambuliwe,
makonyo mbali, karafuu mbali,
ili asubuhi Riziki wa dirisha la malipo
asimwambie mtu rudi kesho.

Mwaka jana, ofisini Wete, niliziwasha mashine kwa mkono.
Moja. Nasubiri. Ya pili. Nasubiri.
Ya tisa nasinzia, ya kumi naikosea jina,
ya kumi na moja haimuoni mwenziwe.
Shaame akapita na birika:
"Wewe mhandisi, au muwasha kandili za maulidi?"
Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Bikombo hawaambii wajukuu
tandika jamvi, kisha jengine, kisha jengine.
Husema: "Nikitoka kusali nikute majamvi saba."
Wakikuta matano, huongeza mawili.
Wakikuta saba, huenda zao kucheza nage.
Aseme mara moja, aseme mara tatu kwa kuwa husahau,
majamvi ni saba.

Nikarudi chumbani, nikafuta kurasa nne za amri.
Nikaandika haja, si hatua:
ziwe arubaini,
zijuane kwa majina,
moja izisimamie,
na ikifa yoyote, nyengine ichipuke pahala pake
bila ya kuniamsha.
Saa tano usiku faili likasomwa,
na katika ghala la baridi, nchi nisiyowahi kuikanyaga,
vyuma visivyonijua vikaitika.
Kishada. Arubaini kwenye kikonyo kimoja.
Chai yangu ilikuwa bado yaunguza.

Kibri kilidumu siku nne.
Ya tano nililigusa faili, nikalirudisha
bila ya fungu la mwisho: zikimaliza, ziondoke.
Zilimaliza saa nane usiku
zikabaki zimesimama Ijumaa kutwa, Jumamosi, Jumapili,
zinakula saa,
kama vibarua walioitwa konde isiyo na mkarafuu hata mmoja
na kila mtu anaandikiwa ujira.

Bili ilipokuja nilipiga hesabu ninayoijua:
pishi ngapi.
Nikawaona wachumaji, kamba kiunoni,
juu ya matawi yanayokatika bila ya kuonya.
Wao akikaa mtu nusu saa kufunga kidonda,
msimamizi anajua.

Sikula usiku ule. Bikombo akaniuliza,
nikamjibu kwa maneno yake:
nimeanika, sikuanua.
Hakunipa pole.
"Kuanika hata mtoto anaweza.
Na hilo wingu lako, kwani nalo hunyesha?"
"Hunyesha bili."
Alicheka mpaka akashika ubavu.

Siku hizi fungu la kuanua naliandika kwanza,
kabla sijaomba hata mashine moja.
Leo adhuhuri umeme umekatika kazi ikiwa katikati.
Kioo kikafa. Nimekaa, mikono mapajani,
pua imejaa harufu ya karafuu,
na huko mbali zinachambua, zinajumlisha,
na zikimaliza zitaondoka moja moja bila ya kuaga.
Hazinihitaji.
Bado naizoea ladha ya neno hilo.

Tone juu ya bati. La pili.
"Zuwena! Wingu!"
Natoka mbio, kiatu kimoja.
Majamvi saba, na wajukuu wako nage.
Hapa hakuna faili.
Shika pindo lile, mama, mimi nashika hili.